Aliyepiga teke nguzo ya jengo letu hapa Jinja na kuliita banda la kuku, leo nasema!

Bi_Cherehani:

Wadau, mikono bado inatetemeka, nikikosea herufi mnivumilie. Yametokea leo hii, saa nane mchana, barazani kwetu Main Street, watu wakiona.

Mnamjua. Sitaji jina na sina haja ya kulitaja. Jinja nzima inamjua, na nyie wa Kampala mnamjua kutuzidi sisi. Yule wa gari jeupe. Yule ambaye kila kiwanja akikigusa kinaota vioo vya bluu. Amekuja na vijana wawili wamebeba futi kamba. Hakusalimia! Mtu anaingia kwenye baraza ya watu, wazee wamekaa, kuna mama mjamzito anasubiri gauni lake, hata "hamjambo" hakuna. Akatazama juu, akatazama chini, akavuta pumzi, halafu AKAIPIGA TEKE NGUZO. Kwa kile kiatu chake ambacho ncha inafika Bugembe yeye mwenyewe akiwa bado yuko Jinja. Akasema: "Banda la kuku hili. Tunang'oa, tunaweka vioo."

Teke. Nguzo. Mbele ya wazee.

Chokaa ikadondokea gomesi ya mteja niliyokuwa nimeitandaza mezani, gomesi, lile vazi letu la kina mama, ya kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, hariri tupu. Vumbi la chokaa nimelipangusa. Lile teke nalipangusa na nini?

Banda la kuku! Kuku gani hao wanaofugwa chini ya dari ambayo hata mrefu kuliko wote mkoani kwetu Busoga akipanda juu ya meza hafiki? Kuku gani wanaowekewa nguzo za mviringo, sakafu ya terazo, maua ya saruji juu ya kila dirisha na roshani ya chuma iliyosukwa? Mwaka wa kujengwa umeandikwa juu kabisa, pamoja na jina la Mhindi mwenye duka. Wakati huo treni ya kutoka Mombasa ilikuwa haijafika hapa, ilifika mwaka 1928. Jengo limeona bwawa la Owen Falls likifunguliwa mwaka 1954. Limeona mwaka 1972, Amin alipowapa Wahindi siku 90, wenyewe wakaondoka na masanduku, funguo zikabaki mlangoni. Likapewa huyu, likapewa yule, likakaa miaka bila hata kopo la rangi, na halikuanguka. Halafu leo, baada ya Jinja kuitwa jiji mwaka 2020, anakuja mtu kulipiga teke!

Na hayo majengo yake sasa. Mmeshaingia? Mimi nimeingia. Nje yamevishwa paneli za alumini, mbele kioo kuanzia chini hadi juu, dirisha la kufunguka hakuna. Sisi tunaishi juu ya ikweta, bwana! Jua likishapita kwenye kile kioo halitoki tena, na kiyoyozi kikizimika tu unaiva kama muhogo kwenye chungu. Halafu mvua ikinyesha, anayepita njia anajificha wapi? Ukuta umeshuka mpaka kwenye barabara, na askari anakufukuza ukisimama karibu na mlango. Kwetu hapa mvua ya Jinja ikishuka, na mnaijua ilivyo, watu mia wanakimbilia barazani, hakuna anayeulizwa unatafuta nini. Aliyejenga hili alimfikiria mtu anayetembea kwa miguu. Huyu wetu amemfikiria nani? Anayepita ndani ya gari, akageuza shingo, akasema "lo", akaenda zake.

Nimeulizwa na jirani: kwa nini hukumjibu? Nimjibu nini mtu aliyekwisha kupiga teke? Angesema tu ningesema. Angeandika barua ningeandika. Lakini ameinua mguu! Baba yangu alishonea kwenye nguzo hii hii, mgongo wake umeacha alama kwenye rangi. Ile alama ndiyo iliyopigwa teke, wadau. Palepale. Ninavyoandika hapa sehemu ile imebaki nyeupe.

Semeni basi. Hili ni banda la kuku?

Chapati_Walukuba:

Nilikuwepo ng'ambo ya barabara. Nathibitisha teke. Lilikuwa teke la mpira kabisa, alirudi nyuma hatua akaja. Na kiatu kimechanika ncha, nimeona kwa macho yangu akichechemea hadi kwenye gari. Nguzo moja, yeye bila.

Jua_Kali_Tororo:

Naomba picha ya kiatu.

Kioo_ni_Maendeleo:

Poleni na msiba wa nguzo. Mama, tuseme ukweli: hilo jengo linavuja. Mimi nimeshona suruali kwako mwezi wa nne, mvua ilianza ukafunika cherehani kwa turubai ukiwa NDANI. Choo kiko nyuma, kimoja, mnapanga foleni nyumba nzima. Popo wamejaa darini. Mnataka mtu aje awaombe radhi kwa kuwaletea lifti?

Bi_Cherehani:

Wewe wa Kioo, suruali yako nilikupunguzia bei, usinisahau. Linavuja kwa sababu kigae kikivunjika mwenye nyumba anaweka karatasi ya plastiki badala ya kigae. Hilo ni kosa la fundi aliyejenga? Vile vigae vya Mangalore vilisafirishwa kwa bahari kutoka India, na vingi bado viko juu. Majengo ya yule wa gari jeupe mabati yanapeperuka mapema. Na popo nao hawajawahi kumpiga teke mtu. Turudi kwenye teke.

Mwana_wa_Kitante:

Dada, teke ni dogo. Sisi Kampala mwaka 2011 walitaka kutubomolea Makumbusho ya Taifa yote, waweke jengo la ghorofa 60! Sitini! Makumbusho yako pale Kitante tangu mwaka 1954, amechora Ernst May, Mjerumani yule aliyejenga mitaa ya wafanyakazi kule Frankfurt kabla ya kuja Afrika Mashariki. Ingia pale saa saba mchana, hakuna kiyoyozi, na utavaa sweta. Watu walipiga kelele, wakaenda mahakamani, na Makumbusho yapo mpaka leo. Kwa hiyo ukisikia mtu amepiga teke nguzo moja, sema alhamdulillahi.

Bi_Cherehani:

Nimeelewa, lakini je, kuna aliyeinua mguu? Waliandika kwenye karatasi. Huyu ameinua mguu.

Mkasubi_Halisi:

Naona mnalilia maduka ya Wahindi mpaka mnataka kukaa matanga. Na sisi je? Historia ya nchi hii ilianza na duka la kuuza vitenge? Muzibu-Azaala-Mpanga, nyumba kuu ya makaburi ya wafalme wa Buganda pale Kasubi, Kampala, ilijengwa mwaka 1882 na Kabaka Muteesa wa Kwanza, kwa miti, matete na nyasi, ndani pete 52 za paa kwa koo 52 za Baganda, na pazia la magome ya mti. Hakuna msumari wa Mhindi wala kioo cha huyo wenu. Ikaungua Machi 2010, nikalia siku hiyo mbele ya wanangu. Imejengwa upya kwa mikono ileile na nyasi zilezile, na mwaka 2023 UNESCO wakaitoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Hiyo ndiyo mada ya kufungulia uzi. Baraza ya kushonea nguo ni baraza ya kushonea nguo.

Musoga_Mkali:

Nilijua tu. Uzi wa Jinja, ametokea mtu wa Kasubi. Hata tukifungua uzi wa samaki wa Masese mtatuletea Kasubi.

Mkasubi_Halisi:

Kama una jengo la mwaka 1882 Busoga lilete hapa tulione.

Msomi_Makerere:

Mnapigana bure. Angalieni Jengo Kuu la Makerere. La mwaka 1941, likaungua Septemba 2020, paa lote na ghorofa za juu. Kulikuwa na nafasi ya kuweka kioo na alumini, wala hakuna ambaye angeshangaa. Wakalijenga kwa sura yake ileile, saa yake, mnara wake, likafunguliwa Oktoba 2024. Maana yake hata serikali inajua lipi zuri.

Kioo_ni_Maendeleo:

Kwa hiyo unalisifia jengo la mwaka 2024. Zege jipya, nyaya mpya, lifti mpya. Asante kwa kunisaidia hoja.

Msomi_Makerere:

Sura, ndugu yangu. Nimesema SURA.

Kioo_ni_Maendeleo:

Sura haipandishi mzee ngazi.

Mzee_wa_Bombo:

Vijana, salamu kwanza. Mimi nilipokuwa mdogo, hekalu la Wabahai pale Kikaaya, Kampala, lilikuwa jipya kabisa, limefunguliwa mwaka 1961, na lile kuba lake la kijani watu walilishangaa, wengine wakasema hiki ni kitu gani. Ukumbi wa Taifa wa Maigizo (National Theatre), mwaka 1959, nao ulikuwa mpya, na ule ukuta wake wa matundu matundu unaopitisha upepo. Vilikuwa vya kisasa na vilikuwa vizuri. Waliochora walikaa kwanza wakauliza jua linatoka wapi na upepo unatoka wapi. Huyu mnayemsema anauliza bei ya kioo tu. Binti, kuna sheria ya makumbusho na mambo ya kale ya mwaka 2023, imechukua nafasi ya ile ya 1967. Piga picha jengo pande zote, andika barua, nenda nayo kwa mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, kwanza, kisha ofisi za jiji. Usimsubiri arudi na tingatinga.

Bi_Cherehani:

Shikamoo mzee, nimekusikia, kesho asubuhi naenda. Lakini sheria itazuia tingatinga. Lile teke limeshapigwa! Hakuna kifungu cha teke?

Chapati_Walukuba:

Kipo, cha kuharibu mali. Mimi shahidi. Nataka nauli tu.

Duka_B47:

Nyie mnaolilia vioo na mnaovisifia, wote hamjui kitu. Mimi NIKO NDANI. Akedi, yaani jengo la maduka mengi, ya vioo, Kampala, ghorofa ya nne. Duka langu nikinyoosha mikono nagusa kuta zote mbili. Lifti haijawahi kupanda tangu ilipowekwa, wameigeuza stoo ya mopu. Choo unalipia. Saa nane mchana losheni ninazouza zinakuwa maji, mteja akifungua kopo inamwagika. Kodi anadai kwa dola! Sheria ya wapangaji ya mwaka 2022 inasema ni shilingi, labda mkubaliane vingine. Nimemwambia. Akasema "basi tukubaliane vingine au utoke". Huo ndio ukatili, wadau, si teke.

Jua_Kali_Tororo:

DOLA? Wewe unauza losheni kwa dola?

Nyanya_wa_Nakasero:

Wa kwetu anapandisha kila baada ya Krismasi. Mwaka huu amesema ni kwa sababu ya "usalama". Usalama wenyewe ni mzee mmoja analala kwenye kiti cha plastiki kuanzia saa mbili.

Kioo_ni_Maendeleo:

Hapo kwenye lifti nakubaliana na B47. Jengo la ofisi yetu lifti ilikwama na bosi ndani. Jenereta halina dizeli. Tulimpitishia chai kwa mrija.

Musoga_Mkali:

Mtetezi wa vioo amesema mwenyewe! Ibandikwe juu hii.

Bi_Cherehani:

Jamani, uzi ni wa teke. TEKE. Nguzo imebanduka rangi.

Mkasubi_Halisi:

B47, hicho choo mnalipa kiasi gani?

Duka_B47:

Mia tano. Karatasi juu yako. Na kinafungwa saa kumi na moja jioni, wakati sisi tunafunga saa mbili usiku.

Nyanya_wa_Nakasero:

Mia tano ni nafuu. Kwetu ni elfu, halafu maji hakuna, unapewa kidumu unapanda nacho.

Msomi_Makerere:

Ghorofa ngapi na kidumu?

Nyanya_wa_Nakasero:

Tano. Nina goti la kulia sasa hivi linalia likisikia tu neno ngazi. Mwezi ujao nahama, nikauzie chini hata kama ni kando ya mtaro.

Jua_Kali_Tororo:

Mama Nyanya, ukihama hicho chumba kina dirisha la mbele? Na amana unarudishiwa au anaila? Natafuta pa kuuzia vipuri vya simu, nitumie ujumbe pembeni.