Baiskeli ya milimani kwenye lami: nibadilishe gia au nianzie kwingine?

PedaliMoja:
Wakuu, habari zenu. Nina baiskeli ya milimani ya bei rahisi: magurudumu inchi 26, matairi 26 x 1.95 yenye kashata kubwa (vinundu vya mpira), shokapu mbele, krenki (gia za mbele) ya meno 42/34/24, friwili (gia za nyuma) 14-28. Njia yangu ni lami tupu. Nikikanyaga kwa nguvu nafika kilomita 22 kwa saa, nikilegeza kidogo tu mwendo unakufa. Nataka kununua krenki yenye meno 48 mbele. Itasaidia?

FundiSpoku:
Mkuu, krenki iache kwanza. Meno 42 kwa 14 ni mara 3, yaani pedali ikizunguka mara moja gurudumu huzunguka mara tatu, na gurudumu la 26 hutembea takriban mita 2 kwa mzunguko. Ukizungusha pedali mara 90 kwa dakika hiyo ni kilomita 32 kwa saa. Kwa 22 bado hujaimaliza gia uliyo nayo.

Hela yako ipeleke kwenye matairi. Kila kashata ikigusa lami hujikunja na kujinyoosha, na nguvu iliyoikunja hairudi yote, nyingine inapotea kama joto. Ule mvumo unaousikia chini ni miguu yako inayolipia. Tafuta tairi laini la 26 x 1.5, na kabla hujalipa soma namba ndogo ubavuni: iwe kama 40-559, na hiyo 559 ndiyo ya lazima, ni kipenyo cha rimu yako kwa milimita. Watu wengi huuziwa 26 x 1 3/8 wakidhani ni lile lile. Hilo ni la rimu ya milimita 590, kwako litapwaya.

Nunua na tyubu ya kipimo hicho. Tyubu ya tairi pana ukiibana ndani ya jembamba hufanya mkunjo, na hapo kwenye mkunjo ndipo hupasuka. Jaza upepo psi 60 (kipimo cha mgandamizo) nyuma na 55 mbele, ukiwa mzito ongeza kidogo, lakini usivuke kiwango kilichoandikwa kwenye tairi. Pima kila wiki, maana tyubu hupungua hata bila pancha.

CheniKavu:
Naunga mkono, ila kabla ya kununua chochote inua baiskeli uzungushe kila gurudumu kwa mkono. Ukisikia "shii… shii…" mahali pale pale kila mzunguko, rimu imepinda na inagusa breki. Kaza au legeza spoku za sehemu hiyo robo mzunguko kwa wakati mmoja, siyo zaidi, utaharibu upande wa pili.

Kisha toa gurudumu la mbele, shika ekseli kwa vidole uizungushe. Ikikwaruza kama ina mchanga, beringi zinahitaji kusafishwa na grisi mpya. Ikiwa ngumu tu, koni (nati zinazobana beringi) zimekazwa kupita kiasi, jambo la kawaida kwa baiskeli hizi hata zikiwa mpya. Spana nyembamba ya 13 huwa inatosha mbele. Legeza mpaka izunguke laini bila kucheza.

Cheni: futa, tone moja la oili kwa kila kiungo, subiri, halafu futa tena mpaka nje iwe kavu. Oili inayobaki nje inakamata vumbi na kugeuka msasa.

PedaliMoja:
Asanteni sana. Na shokapu? Nikisimama kupanda mlima inadunda sana.

UsukaniChini:
Kama ina kitufe cha kufunga, funga. Kama haina, usikimbilie kuweka uma mgumu wowote (uma wa mbele usio na shokapu). Ukiwa mfupi kuliko shokapu, mbele kutashuka, usukani utakuwa mwepesi kupita kiasi na pedali zitakaribia lami kwenye kona. Pima kutoka ekseli hadi chini ya shingo ya fremu ukiwa umekaa juu ya baiskeli, uma uwe karibu na kipimo hicho. Kwa sasa panda ukiwa umekaa, gia nyepesi.

Linalofaa zaidi ni mkao, maana ukishapita kilomita 25 kwa saa upepo wa mbele ndio mzigo mkubwa. Siti kwanza: kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Nyonga zikiyumba, umepandisha mno, na usivuke alama ya mwisho kwenye bomba la siti. Halafu shusha usukani: kama kuna pete chini ya shingo yake, zihamishie juu. Wakati wa kurudisha, kaza bolti ya juu kwanza mpaka mchezo uishe, ndipo zile za ubavuni. Ukianza na za ubavuni, ya juu haitavuta kitu na usukani utabaki unagonga kila ukishika breki ya mbele.