MREJESHO: Baiskeli ya kwenda kazini, Mikindani hadi Mtwara mjini

Wakuu, shikamooni wakubwa. Mwezi uliopita niliwauliza nifanyeje magoti yaache kuuma, pancha zipungue na cheni isishike kutu, maana kila siku napiga kama kilomita kumi kwenda mjini, halafu narudi. Nimekuja na majibu.

Mliosema nipandishe siti, Mungu awabariki sana. Nimeipandisha mpaka nikiweka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unanyooka. Siku ya nne maumivu yakakata. Mwaka mzima nimeteseka kwa kitu cha spana moja!

Pancha zimepungua, hazijaisha. Nilichana tyubu kuukuu nikaitandika ndani ya tairi kama mlivyonielekeza. Tangu hapo nimepata moja tu, mwiba ulipita ubavuni ambako ile kinga haifiki.

Kwenye cheni nilikosea. Nilipaka mafuta ya kupikia, yakanata mchanga wote wa njiani, ikawa inasaga kama kinu. Nimeiosha kwa mafuta ya taa, nikaikausha, nikaweka ya cherehani tone moja moja na kufuta yaliyozidi. Kwa chumvi hii ya bahari narudia kila Jumapili.

Upepo wa kusi ndio bado. Asubuhi unanipiga usoni hata nikitoka saa kumi na mbili kasoro. Jioni unanisukuma mpaka nyumbani.

Asanteni sana, ndugu zangu.