Tupeane uzoefu: ulijuaje kwamba kituo cha mwanao ni kizuri?

Mama Rayyan, Kimara
Habari zenu wapendwa. Dada aliyekuwa ananilelea mtoto anaolewa mwisho wa mwezi. Namtakia kheri, ila mimi nabaki sina pa kumwacha mwanangu. Ana mwaka na miezi 11. Wiki hii nimezunguka vituo vitatu vya kulelea watoto. Kote nimeonyeshwa michoro ya ukutani, runinga kubwa na bembea. Nilipoomba kuona choo na mahali wanapolala, kimoja wakaniambia nirudi siku nyingine, leo hawajafanya usafi. Nimerudi nyumbani moyo haujatulia.

Sitaki majina ya vituo. Naomba kila mtu aeleze yaliyomkuta yeye na mwanawe. Mtoto bado hajui kusimulia, wewe ulimwaminije anayebaki naye?

Baba Jose
Mimi nilianza vibaya. Ada ya kituo cha kwanza ilizidi kodi yangu ya nyumba, na nilikuwa najivunia. Mtoto wa miaka 3 ana madaftari manne na anahesabu kwa Kiingereza hadi 20. Haikupita miezi miwili akaanza kukojoa kitandani, wakati alishaacha. Asubuhi akiona sare anajificha nyuma ya kochi. Tukadhani ni deko.

Siku moja nikatoka kazini mapema, nikampitia saa 8 mchana. Niliwahesabu watoto 34 katika chumba kimoja, mlezi mmoja, binti mdogo, na runinga inawaka. Hakuna aliyekuwa analia wala kuongea. Watoto 34 na kimya, hapo ndipo nilipoogopa. Wangu alikuwa ameegemea ukuta, suruali imelowa hadi imeanza kukauka mwilini.

Simlaumu yule binti, watoto 34 hakuna anayewaweza peke yake. Wiki hiyo hiyo nikamhamisha. Alikoenda kuna mchanga, mwembe na matairi ya kupanda. Siku ya kwanza mwalimu alichuchumaa macho yao yakalingana, akamsalimia kwa jina, akangoja. Mtoto hakujibu. Kesho yake vile vile. Siku ya tatu akajibu. Baada ya wiki kama tatu godoro likawa kavu.

Mwalimu wa Awali, Morogoro
Pole sana Baba Jose. Nina miaka 14 na hawa wadogo, na swali ninaloulizwa kila Januari ni "ataanza lini kuandika?" Namwomba mzazi akae kwanza aangalie. Mwaka huu nina mtoto wa miaka 3 ambaye alikuwa hatulii hata dakika. Nikampa beseni la maji, kopo na chupa. Akamimina, akamwaga, akamimina tena, karibu nusu saa, ulimi umetokeza nje. Siku ya nne hakumwaga hata tone. Vidole hivyo ndivyo vitakavyokuja kushika penseli. Tunatunga shanga, tunafinyanga udongo, tunachambua maharage, na siku penseli ikija haihitaji fimbo. Maria Montessori, daktari wa Kiitaliano aliyebuni njia ya kufundisha wadogo, alipofungua nyumba yake ya watoto mwaka 1907 kwenye mtaa wa maskini kule Rome, kazi za mikono kama hizi zilikuwa sehemu ya siku yao.

Kuhusu runinga, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 haushauri kabisa kumweka mtoto wa mwaka 1 mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku. Ila wanatakiwa wakimbie, wapande, waruke, jumla dakika 180 kwa siku. Kituo kisicho na uwanja kitazipata wapi?

Mama Rayyan, kwa umri wa mwanao uliza mambo mawili tu: mlezi wake atakuwa nani, na siku huyo akiumwa nani anashika nafasi? Mwenye kituo akibabaika, endelea na safari. Cheti cha usajili nacho kiombe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo hivi visajiliwe, na ukiwa na shaka nenda kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yako.

Bi Kombe, Unguja
Asalaam aleikum. Naona mwataja ada, nikakumbuka skuli ya wanangu nyuma ya msikiti. Ni katika zile za madrasa za awali zilizoanzia Mombasa miaka ya 1980, kwa kazi ya Bi Swafiya Said na msaada wa Aga Khan, kisha zikafika kwetu. Kitu cha dukani hakikuwepo. Wazazi tuliambiwa tulete vifuu, makombe ya pwani, vifuniko vya soda na kanga zilizochakaa. Walimu wakavipanga kwa pembe: pembe ya nyumba, pembe ya duka, pembe ya vitabu. Mwanangu akirudi nyumbani ananiuzia makombe mawili kwa kifuu kimoja, na chenji anaidai. Hesabu aliijua hivyo, kabla hajaiona ubaoni.

Mama Pacha, Mwanza
Mimi kilichonituliza ni daftari. Nilijifungua pacha, nikapata likizo ya siku 100, zikaisha upesi mno. Kila mtoto alikuwa na daftari lake kituoni. Bado ninalo moja, limeandikwa: "Saa 5:40 amekunywa nusu, iliyobaki amekataa. Ameomba kubebwa. Amebebwa." Hilo neno la mwisho nililisoma kwenye daladala nikalia.

Siku Kulwa alipopata homa walinipigia saa 4 asubuhi, mapema kabisa, hawakungoja nimkute hoi jioni. Na wenye wachanga msisahau, sheria ya ajira ya mwaka 2004 inakupa hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Mimi nilizitumia zote, na kituo hakikuwahi kunizuia getini.

Msafiri, Leicester
Huku England hesabu ipo kisheria: mlezi 1 kwa watoto 3 walio chini ya miaka 2, na 1 kwa watoto 5 wa miaka 2. Kila mtoto lazima awe na mlezi wake maalumu. Wa kwetu alianza akiwa anajua Kiswahili tu. Mlezi wake, mama wa Kizungu, akatuomba tumwandikie maneno kumi: maji, kojo, inauma, njoo, usingizi na mengine. Akayabandika juu ya meza ya kubadilishia pampasi. Siku ya pili nilimsikia kwa mbali akimwita "njoo", matamshi yamepinda, na mtoto anakwenda.

Fundi Simu
Nilimtuma mdogo wangu akamchukue binti yangu, wakamkatalia kwa sababu jina lake halikuwa kwenye orodha. Nilipiga simu nimekasirika kweli. Usiku nikawaza: kumbe hata mtu wa sura yangu hawampi. Asubuhi nikaenda kuwashukuru.

Mama Rayyan, Kimara
Nimewasoma wote, Mungu awabariki. Mwalimu, shikamoo na ahsante. Leo nimekwenda vituo viwili bila taarifa, saa 6 mchana, muda wa chakula. Cha kwanza geti halikufunguliwa. Cha pili nimekaribishwa mpaka jikoni. Ni nyumba ya kawaida, michoro ukutani ni ya watoto wenyewe, cheti kipo. Watoto 17, walezi watatu, na mpishi mbali. Choo kina harufu ya sabuni, ndoo yenye koki imewekwa usawa wa kifua cha mtoto. Mmoja alikataa wali. Mlezi hakumlazimisha, akaifunika sahani yake na kuiweka pembeni, na baada ya muda mtoto akaifuata mwenyewe.

Kisha mlezi akaniuliza, "Wako akilala anashika nini?" Katika vituo vyote hakuna aliyeniuliza hivyo. Nikamwambia anashika sikio langu. Akaandika. Jumatatu tunaanza kwa saa 2 tu, nami nitakuwepo.