Majirani wa Harburg, Hamburg (Ujerumani): ziara ya Ijumaa

[18:52] Hamisi: Shikamooni wakubwa. Ijumaa sisi wanafunzi tisa wa uzamili tunakwenda kutembezwa kiwanda cha ndege kule Finkenwerder. Nimechapa CV ishirini. Kuna kingine cha kubeba?

[18:55] Mama Salma: Marahaba mwanangu. CV ziache nyumbani. Kampuni nyingi kubwa za hapa hazipokei karatasi mkononi, kwa sababu ya sheria ya kulinda taarifa za watu. Maombi yanapita kwenye tovuti yao tu. Ukimpa mhandisi CV unamtia kwenye tabu, hajui aiweke wapi.

[18:56] Mama Salma: Cha kubeba ni pasipoti yenyewe, siyo picha kwenye simu. Na majina mliyowatumia yawe kama ya kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Sisi wengi tuna majina matatu. Ukijiandikisha mawili, mlinzi anatafuta kwenye orodha hakuoni, na wenzako wanaingia wewe umesimama getini. Kaguaneni leo leo, kesho wana muda wa kurekebisha.

[18:59] Kaka Baraka: Viatu vya kufunika mguu mzima, soli bapa. Mkivaa sandozi au visigino virefu hamvuki mstari wa njano wa kuingia kiwandani. Fulana ya kuakisi na miwani watawapa wenyewe. Simu zitabandikwa stika kwenye kamera, usiibandue hata mkiwa kwenye chai.

[19:00] Kaka Baraka: Njia: treni ya S3 mpaka Landungsbrücken, hapo mnapanda feri namba 62 mpaka Finkenwerder, karibu nusu saa majini, halafu basi 150. Tiketi yenu ya mwezi inafanya kazi hata kwenye feri, msinunue nyingine. Kama miadi ni saa tatu na nusu, Harburg muondoke kabla ya saa mbili kasorobo. S3 ikikwama darajani mnabaki na akiba.

[19:04] Fatma: Mimi swali langu la kwanza ni kama wanadhamini viza. Nauliza mapema nisipoteze muda.

[19:06] Dada Njeri: Fatma, tafadhali usiulize hivyo 🙏🏾 Hilo ni swali la Uingereza, kule mwajiri lazima awe na leseni ya kudhamini. Ujerumani hakuna kitu kama hicho. Mtu wa ofisi ya ajira ya kampuni akisikia "udhamini" anawaza miezi ya barua na wakili, na hapo hapo ameshakutoa kwenye hesabu. Inaniuma kuona mtu mwenye shahada safi akikosa nafasi kwa neno moja.

[19:09] Dada Njeri: Anayekwenda ofisi ya wageni, ile ya uhamiaji, kubadilisha kibali ni wewe. Mwajiri anatoa vitu viwili: mkataba, na fomu inayoitwa Erklärung zum Beschäftigungsverhältnis, yaani tamko kuhusu ajira yako. Anajaza cheo, maelezo ya kazi, saa kwa wiki, mshahara, likizo, tarehe ya kuanza. Anasaini, basi. Panapoharibika ni kwenye maelezo ya kazi. Wakiandika mstari mmoja tu, "msaidizi wa mradi", afisa haoni kwa nini kazi hiyo inahitaji mtu wa chuo kikuu, na faili linarudi. Waombe waandike majukumu halisi: hesabu gani, programu gani, vipimo gani.

[19:11] Fatma: Sasa niseme nini?

[19:13] Dada Njeri: Sema: "Nikihitimu nina haki ya kuomba kibali cha miezi 18 cha kutafuta kazi, na nikiwa nacho naruhusiwa kufanya kazi yoyote." Hapo anaelewa unaweza kuanza mapema wakati kibali chenyewe cha kazi kinashughulikiwa. Lakini kiombe kabla kile cha masomo hakijaisha. Na miezi hiyo 18 haiongezwi.

[19:15] Hamisi: Na Kadi ya Bluu, kile kibali cha kazi cha wenye shahada? Naambiwa lazima mshahara ufike 48,300.

[19:19] Kaka Baraka: Hicho kilikuwa kiwango cha kawaida cha 2025, euro kwa mwaka kabla ya makato. Lakini aliyehitimu ndani ya miaka mitatu, na zile fani zenye upungufu wa watu kama uhandisi, mwaka huo ilikuwa 43,759.80. Gawa kwa 12 unapata 3,646.65 kwa mwezi. Sasa angalia hapa, kwa kiwango hicho cha 2025: ukipewa 3,500 kwa mwezi, mara 12 ni 42,000, hujafika. Kukiwa na mshahara wa 13 kwa mwaka ni 45,500, umepita. Ila huo wa 13 uwe umeandikwa kwenye mkataba kwamba ni wa uhakika. Bonasi ya "kampuni ikifanya vizuri" hawaihesabu.

[19:20] Dada Njeri: Na usipofika usilie. Kuna kibali cha kawaida cha wataalamu. Aliyesoma hapa, akifanya kazi ya fani yake na kuchangia pensheni miaka 2, anaweza kuomba ukaazi wa kudumu, mradi Kijerumani kiwe ngazi ya B1, yaani ya kati.

[19:23] Mama Salma: Kwa hiyo Ijumaa usianze na mshahara wala kibali. Uliza mambo ambayo hayapo kwenye tovuti. Mikutano ya timu hii ni kwa lugha gani? Ofisini Kiingereza kinaweza kutosha, ila ukishuka kwenye mitambo, fundi anakueleza hitilafu kwa Kijerumani. Pili, ni idara gani inachukua watu wa tasnifu ya uzamili? Wengi wanaingilia mlango huo.

[19:25] Kaka Baraka: Tasnifu ya kampuni ianze kuongelewa miezi mitatu minne kabla, na profesa akubali kwanza kuisimamia. Kampuni itataka isisomwe na mtu wa nje. Profesa mwingine hilo halikubali, na mada inafia hapo.

[19:27] Hamisi: Je, kazi ya Werkstudent, ile ya kufanya huku unasoma? Zile siku 140 za kazi tunazoruhusiwa kwa mwaka hazitaisha?

[19:30] Dada Njeri: Haziishi. Wiki ya saa 20 wanaihesabu siku 2.5. 140 gawa kwa 2.5 ni wiki 56, na mwaka una 52. Ila muhula ukiwa unaendelea usipite saa 20, kwa sababu ukizidisha, bima ya afya inaacha kukuona mwanafunzi na michango inapanda.

[19:34] Mama Salma: Kabla hamjaondoka, mwombe aliyewatembeza namba ya tangazo la kazi, kila nafasi inayo. Jumamosi unamwandikia mistari mitano: jina lako, mlisimama wapi pamoja, mtambo gani alikuonyesha, swali moja, na namba ya nafasi unayoomba. Usiambatishe kitu. Kwenye tovuti ndiko unakopandisha PDF moja yenye barua, CV na vyeti. Ukipakia vipande saba, kimoja kitapotea.

[19:36] Hamisi: Asante mama. Ameandika majina mawili mtu mmoja tu, naye ni mimi. Nawaandikia sasa hivi.

[19:37] Mama Salma: Weka na namba ya pasipoti, wasikuchanganye na Hamisi mwingine.