Mzee akisingiziwa uchawi: tumhamishe ama tumlinde palepale kwake?

Mwenye mada, Malindi mjini

Salamu wana Malindi, Magarini, Ganze na Kilifi yote kwa jumla. Mada ya leo itawaudhi wengine lakini bora tuseme. Hizi nyumba za kuwahifadhi wazee wanaosingiziwa uchawi, kama pale Kaya Godoma kule Ganze, kila zikitajwa watu wanapiga makofi, wafadhili wanakuja na kamera, unga na blanketi zinapelekwa, hata mie nimeshachanga. Swali ni moja tu: tuendelee kuziongeza hizi nyumba, ama hizo pesa na hizo kelele tuzielekeze kumlinda mzee palepale bomani kwake huku minazi yake akiiona?

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Mzee akihamishwa, aliyetaka kumuua keshashinda. Hebu tuambiane ukweli jamani, ni wangapi hapa kwetu wanauliwa kwa sababu ya huo uchawi wenyewe? Ni shamba. Mzee ana ekari zake za mbari, yaani za ukoo, taito hakuna, anakataa kuuza, vijana wa nyumbani wamesikia bei ya ploti kule barabarani imepanda, halafu mtoto wa mtu anashikwa na degedege, basi jina linatajwa. Linaanza mangweni, kwenye mnazi, kama mzaha, linafika matangani, linapelekwa kwa mganga likapigwe muhuri, na usiku mmoja vijana wa kukodiwa wanakuja na mapanga. Sasa wewe ukamchukue mzee huyu umpeleke Ganze akae na wenzake, uji asubuhi ugali jioni, shamba linabaki na nani? Linabaki na walewale waliomtaja, bila damu, bila kesi, bila hata nauli ya kwenda kortini. Tumewamalizia kazi, tena kwa huruma zetu.

Wala si Kilifi peke yake. Mwaka 2008 tume moja ya kimataifa iliyoongozwa na Madeleine Albright na Hernando de Soto ilisema watu bilioni 4 duniani wanaishi nje ya ulinzi wa sheria. Bilioni nne. Na yale Malengo ya Milenia ya mwaka 2000 yalikuwa 8, yakasema njaa, shule, wajawazito, malaria, mazingira, hakuna hata lengo moja lililosema maskini asipigwe panga. Imekuja kuandikwa 2015, kwenye Malengo ya Maendeleo Endelevu yaliyofuata, lengo la 16, haki na amani. Kwa hivyo miaka 15 maskini wa dunia anachimbiwa kisima, na yule anayekuja usiku kumfukuza kisimani hakuna anayemuuliza.

Tajiri wa pale Casuarina ana geti, askari na mbwa. Mzee wa Marafa ana mlango wa bati. Haya, nipigeni mawe.

Dada wa Muyeye

Kaka yangu, nakuheshimu lakini wewe unaongea umelala ndani ya mlango wa chuma. Mzee katajwa leo, kesho kutwa wanakuja. Stesheni iko mbali, ukipiga simu unaambiwa gari halina mafuta, boda usiku hakubali kuingia huko. Sasa utamwambia nini yule hawe, bibi wa miaka 80, kaa hapo utetee haki yako, tume ya 2008 imesema? Atoke kwanza awe hai, hizo ekari tutazidai akiwa anapumua. Mie hizo nyumba nataka ziwe nyingi zaidi, hata Magarini iwepo, hata hapa Malindi.

Kijana wa Langobaya

Kila siku vijana vijana. Sitetei muuaji hata kidogo, sheria imshike. Lakini semeni na mengine. Kuanzia 2020 mpaka 2023 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, ng'ombe walikufa tukawaona, mahindi hakuna, watu walikaa nyumbani wanaangaliana. Njaa ikiingia ndipo watu wanaanza kuulizana nani katufunga. Na hii ardhi mnayosema mzee amekataa kuuza, kwani tangu lini imekuwa yake kwa karatasi? Mkoloni alitunga sheria ya hati za ardhi 1908, huku pwani waliosajili ni wengine, Mmijikenda akaachwa skwota kwenye shamba la babu yake mpaka leo. Yani watu wawili wasio na kitu wanagombania kitu ambacho kwa serikali hakuna mwenye nacho.

Na swali lingine. Wakishika, wanashika yule kijana aliyepewa vijisenti ashike panga. Aliyemtuma amekaa mstari wa mbele kwenye mazishi, analia kuliko wote, na ndiye anayeshika daftari la mchango.

Mwenye mada

Hapo kwa daftari la mchango umenimaliza.

Lakini ona sasa, wewe mwenyewe unasema anayetuma hashikwi. Ndiyo hoja yangu hiyo. Hashikwi kwa sababu mashahidi ni watu wa nyumba moja, mjukuu ndiye aliyeona, na huyo mjukuu chakula anapewa na aliyetuma. Kesi ya mauaji inakuja kusikizwa Mahakama Kuu hapa mjini, nauli kwenda na kurudi, inaahirishwa, anarudi tena, mara ya tatu haji. Faili linafungwa. Sheria ya kulinda mashahidi Kenya tunayo tangu 2006, kuna mwenye kumjua shahidi wa kijijini kwao aliyelindwa nayo? Nauliza tu.

Mwalimu mstaafu, Gede

Wanangu, mie naleta kitu tofauti kidogo. Kuna mchumi anaitwa Edward Miguel, mwaka 2005 alitoa utafiti wake wa Meatu, Tanzania, kule Usukumani. Akaangalia vijiji na mvua. Mwaka ambao mvua imezidi sana au imekosa kabisa, mauaji ya wanaoitwa wachawi yanafika mara mbili ya mwaka wa kawaida, na wanaouawa wengi ni bibi vizee, na mara nyingi wauaji ni watu wa familia. Kule bibi akiwa na macho mekundu basi anaambiwa mchawi, na macho yenyewe ni ya moshi wa jikoni miaka hamsini. Hapa kwetu kosa ni mvi. Nawajua wazee wenzangu wanaopaka piko nywele, si kwa urembo, ni uoga.

Sasa Miguel alipendekeza dawa ambayo si polisi wala si nyumba ya kukimbilia. Pensheni. Mzee akiwa na kitu kinachoingia kila mwezi, familia inamhitaji awe hai. Sisi Kenya tunayo Inua Jamii, kuanzia 2018 kila mwenye miaka 70 na kuendelea anatakiwa apate shilingi 2,000 kwa mwezi. Ndogo, lakini nimeona nyumba ambayo bibi alikuwa analala jikoni na sasa ana kitanda na chandarua, kwa sababu siku ya malipo ni yeye anayenunua unga. Tatizo inachelewa, miezi inapita. Mngepiga kelele hapo.

Mtu wa Kakoneni

Mnaongea kama watu wa vitabu. Uchawi upo. Sisi tumezika watoto. Wazee wa zamani walikuwa na kiraho, mtu akishukiwa anapelekwa, anakula kiapo, akiwa safi anarudi na heshima zake na aliyemsingizia analipa fidia. Mlipoharibu kaya, ile misitu mitakatifu ya wazee, ndo mapanga yakaja.

Dada wa Muyeye

Pole kwa watoto, kweli kabisa. Lakini kiraho cha tsoka ni shoka la moto juu ya kiganja, unataka bibi yako ashikishwe? Na siku hizi wanaotoa majina ni waganga wa kulipwa, anayelipa ndiye anayejua jina gani anataka kusikia.

Mwenye mada

Ndugu wa Kakoneni, hapa sibishani na imani ya mtu, kaa nayo. Ila ujue sheria ya uchawi tuliyo nayo ni ya 1925, ya mkoloni, na hata hiyo inasema ukimtaja mtu kuwa ni mchawi umefanya kosa, kifungo mpaka miaka 5. Lakini ina kamlango. Ukimtaja mbele ya chifu au polisi, si kosa. Nafikiri walitaka watu walete lawama serikalini badala ya kuuana, sawa, lakini kilichotokea ni kwamba baraza likawa pahali pa kutajia. Mtu anasimama mbele ya kijiji kizima, anamtaja mzee, chifu anaandika, anasema tutalizungumza, watu wanaenda nyumbani na jina. Chifu mwenye akili anatakiwa hapohapo ageuze kibao: wewe umemtaja, jina lako nimeandika, likimpata jambo tunaanzia kwako. Hiyo haihitaji mfadhili.

Kuhusu pensheni mwalimu nakuunga mkono, lakini elfu mbili haiwezi kushindana na bei ya ploti. Inamwokoa bibi asiye na shamba. Mwenye shamba bado.

Halafu kitu kimoja kinaniuma, naomba mnivumilie. Kila Agosti tunaenda Bungale kwa Mekatilili wa Menza, tunavaa hando, tunapiga ngoma. Huyu mama 1913 ndiye aliyewasimamisha Wagiriama dhidi ya Muingereza, na Muingereza akamwita mchawi. Tukirudi nyumbani tunafanya vilevile kwa mama zetu.

Wa Ganda

Mimi naomba mwenye mada atuambie hizo nyumba zimeharibu wapi, maana kusema ni rahisi.

Mwenye mada

Ghana. Kule kaskazini kuna kambi kama ya Gambaga, wanawake wanaoitwa wachawi wanakaa huko, wengine miaka na miaka, wanazeeka hapo, wanachota maji hapo, wanafia hapo. Ilianza kama kimbilio, sasa ni kijiji. Na kambi zikiwepo hivyohivyo, 2020 pale Kafaba mama wa miaka 90, Akua Denteh, akapigwa mchana mbele ya watu mpaka akafa. Ghana nzima ikalia. 2023 bunge lao likapitisha sheria ya kukataza kumtaja mtu mchawi, rais Akufo-Addo akakataa kutia saini. Kwa hivyo kambi zikabaki, sheria ikakwama. Ndiko tunakoelekea na sisi, sheria yenyewe mbovu, nyumba zinaongezeka.

Dada wa Muyeye

Na zingevunjwa hizo kambi za Ghana, wale akina mama wangekuwa wapi leo? Wako waliorudishwa makwao wakakimbilia kambini tena. Huo mfano wako unanisaidia mie.

Wa ofisi fulani ya kaunti, sitaji

Niseme kitu watu hawapendi kusikia. Kaunti haina polisi. Katiba ya 2010 polisi ni wa serikali kuu. Kwa hivyo gavana au mwakilishi wadi akibanwa na wananchi kuhusu wazee, anachoweza kufanya ni kujenga, kununua magodoro, kukata utepe. Askari hawezi kukuletea. Mkiona nyumba zinaongezeka na doria haziongezeki si kwa sababu mtu alikaa akaamua hivyo, ni kwamba kila ofisi inatoa kilicho mikononi mwake. Na upande wa ardhi, mashamba mengi ya mbari hayajapimwa, sasa hata ukisema tuzuie shamba la mzee lisiuzwe, utalizuia kwa namba gani? Linauzwa kwa karatasi ya daftari na mashahidi wawili.

Mwenye mada

Asante kwa ukweli. Basi naweka pendekezo, mliponde mkitaka. Nyumba zibaki, Dada wa Muyeye sitaki mtu afe nikitetea hoja. Lakini iwe mzee hapokewi tu kama mgeni. Siku anayoingia, kabla ya uji, ripoti iandikwe polisi na apewe namba ya OB, lile daftari la matukio la stesheni, walioandikwa wawe waliomtaja. Kesho yake barua iende kwa chifu na bodi ya ardhi kwamba shamba la fulani, lenye mpaka wa mwembe na mto fulani, haliuzwi wala haligawanywi mwenyewe akiwa kimbilioni. Namba haina haja, chifu anajua kila mwembe. Na chifu huyohuyo ndiye anayetoa barua ya warithi mtu akifa, basi asiitoe mpaka uchunguzi uishe. Sheria ya urithi kifungu cha 96 inasema aliyemuua mtu hamrithi. Ipo, tuitumie. Shamba likikosa mnunuzi, uchawi utapungua wenyewe, mtashangaa.

Kijana wa Langobaya

Na chifu akiwa ndiye amekula ya ploti?

Mwenye mada

Ndo maana nakala iende na kwa shirika la haki na kwa mzee wa kaya, isikae droo moja.

Mwalimu mstaafu, Gede

Unaongeza makaratasi kwa watu wasiosoma. Lakini endelea.

Dada wa Muyeye

Mie nakubali nusu. Barua nzuri, lakini hakuna barua inayolinda mtu saa nane za usiku. Nitabadili msimamo siku nikimuona mzee aliyetoka kimbilioni, akarudi kwake na majirani wakijua, na mvua mbili zimepita analala bila kuamka na kurunzi. Kama hapa kuna anayemjua wa namna hiyo aje aeleze ilifanyika vipi, nani alikuwa anamlinda, waliomtaja walifanywa nini. Asitaje jina wala kijiji, tafadhali, watu wanasoma humu.

Wa Ganda

Nipo na wa hivyo, wa upande wa mama. Ngoja nimuulize kwanza kama anataka niseme.