Sarufi ya Kiingereza irudi ubaoni, au watoto waachwe waongee?

Mwalimu, Langoni: Nafunza gredi ya 6. Tumeambiwa mtoto aongee tu, aigize sokoni, aulize njia, kanuni atazinasa mwenyewe. Kuongea wanaongea, hawanyamazi! Lakini juzi msichana kanisimulia safari ya mamake, mwanzo mpaka mwisho ni "my mother he go". Si uzembe. Kwetu "a" ya "anaenda" ni ya mume na mke, na kitenzi hugeukia mwanzoni. Ile "s" ya mkiani, ya "goes", hata haisikii. Wenzake walimwelewa, basi nani atamrekebisha? Mimi nataka dakika 10 za ubao kila kipindi. Mwaonaje?

Kijana wa Ufukweni, Malindi: Mwalimu, sisi Kitaliano tumekipata bila chaki. Sarufi ni ya waoga wa kufungua mdomo.

Mama Mapokezi, Malindi: Kitaliano gani, mwanangu? "Ciao bella" na bei ya vinyago? Nimekaa mapokezi ya hoteli miaka 11. Barua za wageni wenye hasira nani alizijibu? Si nyinyi.

Kijana wa Ufukweni: Mama, heshima yako, lakini hiyo "ciao" imewaozesha dada zangu wawili. Harusi za watu kula!

Mstaafu, Malindi: Krashen, yule mtaalamu wa lugha wa Marekani, alishika miaka ya 80 kwamba lugha huingia kwa kusikia unachokielewa, na kanuni ni za kujisahihisha tu. Lakini Kanada kuna watoto wa Kiingereza waliosomeshwa kwa Kifaransa miaka na miaka. Kusikia walisikia vizuri sana. Kusema, bado walivuruga maneno ya kike na ya kiume ya Kifaransa. Mtafiti Merrill Swain aliliandika hilo, 1985 kama sikosei.

Kijana wa Ufukweni: Wangekuja ufukweni wakanyooka.

Mzawa wa Mkomani, Lamu: Mwahangaikia Kiingereza, mimi nilichapwa kwa Kiswahili! Darasa la 3, namwita mwenzangu "ndoo!", ndiyo "njoo" ya kwetu Lamu, mwalimu mgeni aniuliza ndoo ya nini, mfereji umekauka? Insha nikaandika "ndia" na "yana" badala ya "njia" na "jana", ikarudi nyekundu tupu. Sarufi ya nani hiyo mwataka irudi ubaoni?

Mwalimu, Langoni: Hilo jingine, ndugu yangu. Mimi nimeuliza Kiingereza.

Mzawa wa Mkomani: Si jingine. Ubao haurudi peke yake, huja na fimbo.

Mama Mapokezi: Hapo umenena. Mimi nyanyangu wa Lamu, na "ndaa" yake, yaani njaa, nilichekwa nayo darasa zima.

Kijana wa Ufukweni: Kumbe ndoo si ya maji? 😂

Mzawa wa Mkomani: Wewe kaa na ciao yako.

Mstaafu: Na kipindi chenyewe ni dakika 35. Ukitoa 10 za ubao na 5 za kunyamazisha, utabaki na nini?

Mzawa wa Mkomani: Atabaki na fimbo, si nimesema?

Mzazi, Mokowe: Samahani, nimechelewa. Yule msichana mwishowe aliambiwa ni "she", au?