Naomba ushauri: nitajuaje kama kutamani ploti ni mpango mzuri ama ni wivu?

Bwana asifiwe wapendwa. Niko hapa Kisumu, nauza omena soko la Kibuye, mzee wangu ni wa boda, watoto wanasoma na hatulali njaa kusema ukweli. Shida ni moyo. Kwa chama chetu cha kuweka akiba karibu kila mtu ashanunua ploti, wengine Mamboleo wengine Riat, na kila tukikutana narudi nyumbani nikiona vitu vyetu vyote ni vidogo, hata chai nakunywa bila raha, na sasa kuna mkopo naweza kuchukua ndio na mimi ninunue lakini malipo yatakula karo.

Nimeomba, nimefunga, nimerudia Wafilipi 4. Kinachonigusa ni Paulo kusema alijifunza kuwa radhi, tena akiwa kifungoni, kwa hivyo si kitu mtu anazaliwa nacho. Na 1 Timotheo 6 inataja chakula na nguo, ndio vitutosheze. Lakini dada mmoja kanisani ameniambia kuridhika hivyo ni kukata tamaa na Mungu hapendi wavivu, na mimi huamka usiku wa manane kuwahi omena, sasa uvivu uko wapi.

Waliopitia hapa tafadhali, ulijuaje kama kutamani ploti ni mpango mzuri ama ni wivu tu? Na hiyo chama, nitoke ama nibaki, na nikibaki nifanye nini ndio nisiwe narudi na huu uzito?